Wa Nakonde Hawageuzi Kochi

Lusekelo, mwenye duka la fanicha karibu na barabara iendayo mpakani, alikuja karakanani kwangu asubuhi moja akaniambia nisijisumbue tena na sehemu ya chini ya makochi. Hasa yale yanayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Juu tuweke uzuri wote, chini tupigilie mbao zozote zitakazopatikana, tufunike kwa kitambaa cheusi, basi. "Wa Nakonde hawageuzi kochi," alisema. Nilikuwa nimeshika randa. Ningeweza kuendelea kuranda na kumwambia hapana, naye angemaliza chai yake na kwenda zake, kwa maana hakuwa mtu wa ugomvi. Nikasema sawa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza useremala hapa Tunduma, Vwawa na huko vijijini. Mimi nimeacha. Macho hayauoni tena mstari wa penseli. Najua mzee akianza habari za zamani mnashika simu, nanyi shikeni tu, lakini mnisomee mpaka mwisho.

Kwanza mjue kwamba Lusekelo alisema kweli. Angesema uongo ningemkatalia palepale, maana nilikuwa na kiburi cha kazi. Kilichoniangusha ni ukweli, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuona miaka mingi kabla yake.

Mtu wa upande wetu akija kununua kochi, haketi. Analizunguka kwanza kama anayenunua ng'ombe. Anashika kona moja, analiinua kupima uzito, kisha anamwita mwenzake walipindue. Watu wa Ihanda walikuja baada ya kuuza kahawa, na hawakuja pungufu ya watatu: mume, mke, na ndugu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza. Huyo ndugu hakuulizwa habari ya rangi wala kitambaa. Alipiga magoti, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa, akakwangua kwa ukucha, kisha akainuka na kumtazama kaka yake. Akitikisa kichwa, mmepoteza mteja. Bibi mmoja kutoka milima ya Ileje alikuja na sindano ya kushonea mikeka, akawa anachoma matundu madogo chini ya kitanda akitafuta wadudu. Nilimwambia, "Bibi, hicho ni mkongo, hakiliwi." Akanijibu bila kuinua uso, "Hata mume wangu niliambiwa haliwi." Sikujua anamaanisha nini, na sikuthubutu kuuliza.

Wa Nakonde walikuwa watu wengine. Mama anaingia, anasema "mukwai", neno lao la adabu, anaketi. Hagusi miguu ya kochi wala mbao. Anaketi tu, anaegemea, anaweka mkono pale mkono unapokaa, anamwita dada yake naye aketi. Wanazungumza habari za kwao. Nakumbuka wawili waliokaa hivyo mpaka mmoja akasinzia. Nikadhani wamekimbia jua, nikaendelea na msasa wangu kwa hasira kidogo. Mama akaamka, akajinyoosha, akasema wanalichukua.

Wala hawakupenda vitu vilevile. Sisi tulitaka mgongo mrefu wenye nakshi, mgeni akae wima kama yuko kanisani, na juu yake vitambaa vyeupe vya kufuma. Wao walitaka kochi fupi, pana, lenye mikono minene, la rangi ya kahawia au zambarau iliyoiva. Kitanda, sisi tulitaka mbao nzito, na uvungu wa kupitisha sanduku. Wao walitaka kichwa cha kitanda kilichovalishwa sponji, na kitanda chenyewe kifunguke kwa skrubu. Mimi nilipigilia misumari, wakarudisha. Walisema, na siku ya kuhama tutakikata kwa shoka?

Nilijifunza kazi kwa Fundi Sikanyika, mtu mfupi, mwenye penseli sikioni hata akiwa ibadani. Yeye alikuwa na maelezo yake. Alisema wengi waliotujia kutoka ng'ambo walikuwa watu wa ajira, leo yuko Nakonde kesho anahamishiwa Kasama, nyumba si yake, fanicha ndiyo nyumba yake. Mkulima wa Mbozi anajenga mara moja, ananunua kitanda mara moja, na anataka kitanda kimzike. Ndiyo maana mmoja anauliza kama kinafunguka na mwingine anauliza kina uzito gani. Sina hakika kama alikuwa sahihi. Upande huu na ule sisi ni ukoo mmoja, Wanamwanga wamejaa kote kuwili, mpaka ulitukuta tukiwa tumeketi. Lakini mkae mkijua kwamba watu wa damu moja wakilala chini ya serikali mbili kwa muda mrefu, hata mgongo unazoea kuegemea tofauti.

Niwachekeshe kidogo. Mwaka wa kwanza alikuja bwana mmoja wa Nakonde, akaagiza kitanda cha "thrii kwota". Fundi Sikanyika alikuwa msibani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nilifaulu, nikaona hili ni swali jepesi. Robo tatu. Kitanda cha kawaida ni futi sita, robo tatu yake ni futi nne na nusu. Nikatengeneza kitanda kizuri sana chenye urefu wa futi nne na nusu. Yule bwana alipokuja alikitazama, akavua viatu, akalala. Magoti yakabaki nje. Akaniuliza kwa upole, "Mukwai, mlimpima nani?" Kumbe kwao ni jina tu la kitanda chembamba, kipana kuliko cha mtu mmoja na kidogo kuliko cha wawili, urefu uleule. Fundi aliporudi alicheka mpaka penseli ikaanguka. Tangu siku hiyo nikichelewa kazini alikuwa akisema, robo tatu yake imefika, tusubiri robo iliyobaki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kochi halivunjiki mguuni kama wengi mnavyodhani. Linavunjika kwenye ubao mrefu wa mbele, chini ya magoti, kwa sababu mtu mzima haketi, anajiachia. Ubao ule uwe mmoja, mkavu, usio na fundo katikati. Uunganishwe kwa ulimi na tundu, kila kona iwe na kibao cha pembetatu, gundi kwanza na skrubu baadaye. Mbao iliyokwisha kupigwa misumari na kung'olewa usiiweke pale hata ikikulilia. Matundu ya zamani ndiyo njia ya ufa. Haya niliyajua kama ninavyojua jina langu.

Sasa nije kwa Bana Mutale.

Ng'ambo mama huitwa kwa jina la mtoto, kama kwetu. Bana Mutale ni mama wa binti aitwaye Mutale, na mimi aliniita Bashi Yona, baba yake Yona. Alikuwa mjane, ana kibanda cha vitenge Nakonde, mnene kiasi, mwenye kicheko cha polepole. Yeye ndiye aliyenifanya nijulikane upande ule. Alikuwa mteja wangu kabla ya Lusekelo kuwa na duka, na aliniambia mambo ambayo Fundi Sikanyika hakuyajua. Mkono wa kochi, alisema, uwe na upana wa kusimamisha kikombe, maana sebuleni kwao mtu anakuja kupumzika, si kuonekana. Alikuwa akiketi kwenye kochi lisilo na kitambaa bado, kwenye sponji tupu, na kusema hapa ongeza, hapa umeniminya. Nusu ya ufundi wangu wa makochi mapana ulionipa jina mjini ni mgongo wa mama yule.

Mwanangu Yona, mtoto wangu wa pekee, alikuwa mshonaji wa karakana. Alikata kitambaa, akavuta mikanda, akapiga pini. Alikuwa kijana mzima tayari, mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Akipeleka kazi Nakonde alichelewa kurudi, na nikimuuliza alisema foleni ya malori. Foleni hiyo ilikuwa ikiitwa Mutale. Wenyewe waliwaambia wazazi walipoamua, nasi pande zote mbili tukafurahi. Mama yake Yona alianza kuimba akipika. Tukatuma mshenga, akapokelewa vizuri, ikapangwa siku ya sisi kwenda kujitambulisha.

Katikati ya mambo hayo ndipo nilipomwambia Lusekelo sawa.

Malori yanayosubiri mpakani huacha makreti na mapaleti, mbao laini, zimejaa matundu ya misumari na michoro ya mishale na glasi, ya kuwaambia wapakuaji upande gani ni juu. Lusekelo alileta rundo zima. Seti ya kwanza nilipoifunga, Yona aliipindua ili ashone kitambaa cheusi cha chini. Akaacha sindano. Akagusa ubao wa mbele kwa kidole.

"Baba, hii haitakaa."

Nikamwambia inakwenda ng'ambo.

"Ng'ambo hawaketi?"

"Hawageuzi," nikasema. "Shona."

Mimi ni baba yake, na kwetu baba akishasema shona, unashona. Akashona, mshono wake mzuri ulionyooka kama mstari wa rula. Kisha akaenda nje kunawa mikono, na nakumbuka alinawa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Seti kadhaa zikapita hivyo. Sikuuliza zinanunuliwa na nani. Duka lilikuwa la Lusekelo, nami nikajiambia mnunuzi ni wake.

Siku ya kujitambulisha tulivuka asubuhi, mimi, mshenga wetu, na kaka yangu Jotamu, ambaye ni mtu wa kilo nyingi na koti moja. Yona alibaki nyumbani kama desturi. Bana Mutale alitupokea mlangoni, amejifunga kitenge kipya, akapiga magoti akitusalimia. Kaka yake, mjomba wa Mutale, alikuwa ndani na wazee wawili. Na pale sebuleni palikuwa na seti mpya ya makochi ya kahawia.

Niliitambua kabla sijaketi. Baba hawezi kukosa kuujua mshono wa mwanawe.

Bana Mutale aliona ninavyoitazama, akacheka kile kicheko chake. Akasema aliinunua kwa Lusekelo kwa siri, alikuwa ameulizia mpaka akahakikishiwa kwamba imetoka kwenye mkono wangu. Alitaka wakwe zake siku ya kwanza wakalie kazi ya mikono yao wenyewe, wajue wamefika kwao. Wazee wakatikisa vichwa wakisema vizuri, vizuri. Nilitamani kumwambia Jotamu asimame, lakini alikuwa ameshageuza mgongo, na Jotamu haketi. Anajiachia.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mkavu. Kaka yangu alishuka taratibu mpaka matako yakagusa sakafu, magoti yakawa usawa wa masikio. Mmoja wa wazee alicheka, kwa bahati mbaya, kama mtu anavyopiga chafya. Tukamwinua. Hakuumia, ila koti lilichanika. Mjomba akasema labda mguu umeteleza, tuligeuze kochi tulitazame, akalipindua.

Kitambaa cheusi kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Ubao wa mbele ulikatika kwenye tundu la msumari. Na pale katikati, mbele ya wazee wote, palikuwa na mchoro wa glasi na mshale unaoonyesha chini.

Vijana wangu, mtu anaweza kuharibu jambo mara moja, na bado akapewa nafasi ya kulinyamazia. Mimi niliitumia nafasi hiyo kuuliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza. Nilisema, "Lakini Bana Mutale, hukuigeuza?"

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Bashi Yona," alisema, "baba yangu alinifundisha, kiti cha fundi usiyemjua, kigeuze. Cha fundi unayemjua ukikigeuza, umemwambia ni mwizi. Mimi ningekugeuzia wewe?"

Hivyo ndivyo nilivyojua, nikiwa na mvi, kwa nini wateja wangu wa ng'ambo hawakugeuza. Walikuwa wanakuja kwa kuambiwa na Bana Mutale. Wote walikuwa wakinijua kupitia kwake. Nilichodhani ni ujinga wa soko ilikuwa heshima, na sikuistahili. Sijui kama kila nyumba ya Nakonde ina msemo huo. Nyumba ile ilikuwa nao, na ilitosha.

Hapo bado ningeweza kuokoa kitu. Mjomba aliinama, akaushika ule mshono mweusi, akaniuliza nani aliyeufunika uchafu huu. Swali lilikuwa langu. Nilitakiwa kusema mimi. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu hutafuta mtu wa kushikia mzigo. Nikasema, "Mshonaji ni mwanangu."

Ilikuwa kweli. Sikuongeza kwamba alinikataza. Sikuongeza kwamba nilimwamuru.

Mjomba akasimama, akapangusa mikono. "Kumbe na kijana alijua," akasema. Akawageukia wazee wake. "Basi huyu naye ilitupasa tumgeuze kwanza."

Tulipewa chakula, kwa maana wale ni watu wa adabu, tukala bila kusikia ladha. Mlangoni nilimwambia Bana Mutale nitatengeneza seti nyingine, ya mninga, kwa mikono yangu, nitaileta mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini, "Kochi utatengeneza, mukwai. Najua utatengeneza." Majibu ya posa yalikuja kupitia mshenga baada ya wiki moja. Hawakututukana. Walisema binti yao bado ana mambo ya kumaliza.

Niliipeleka ile seti ya mninga. Aliipokea, akashukuru, na aliigeuza mbele yangu.

Mengine nitayasema haraka. Yona aliyasikia maneno yangu ya sebuleni kutoka kwa Mutale, si kwangu. Alirudi akaingia karakanani, nikadhani atanipigia kelele. Aliuliza tu kama ni kweli nilisema hivyo. Nikasema ni kweli. Akauliza kama niliwaambia na kile alichonionya. Nikasema hapana. Akaviringisha mikasi na sindano zake kwenye kitambaa, akaniwekea mezani pangu.

Duka la Lusekelo halipo tena, alihamia biashara ya vipuri, na simlaumu. Yeye alileta wazo, lakini nyundo nilishika mimi. Siku hizi nikipita naona makochi ya kiwandani yamepangwa nje, yamefungwa nailoni, na wateja wananunua kwa picha iliyotumwa kwenye simu. Wa kwetu hawageuzi tena na wa Nakonde hawaketi tena. Wanavuta picha kwa vidole viwili wakitazama rangi. Mnaweza kusema sasa hakuna wa kuwakamata. Ni kweli, hakuna. Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaotengeneza, kwa kuwa mnunuzi hawezi tena kuwasaidia kuwa waaminifu. Mbao kavu, ubao wa mbele mmoja, vibao vya kona. Na mkimtuma mtu kufunika kitu, mjue mmemfanya mwenzenu katika kosa.

Gharama yake ni hii. Mutale aliolewa Kasama, ana watoto. Yona hakuoa. Anaendesha bodaboda Mkwajuni, anapeleka watu machimboni, mikono ile haijashika sindano tena. Karakana nilimpangishia muuza saruji kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Mama yake Yona alimfuata Mkwajuni mara tatu kumwomba arudi, na aliporudi peke yake mara ya tatu hakunilaumu, aliacha tu kuimba. Yona anapiga simu siku za sikukuu, anamwuliza mama yake hali. Nikichukua simu mimi ananisalimu vizuri, kwa adabu yote niliyomfundisha, na ananiita fundi. Baba hajaniita tangu siku ile.